Mapenzi ya Zamani na Bei Yake

Riwaya ya mapenzi inayosimulia zama zilizopita hulaumiwa kwa makosa ya namna mbili. La kwanza ni kosa la vitu: mwandishi kamvika bibi nguo ambayo ilikuwa bado haijafika, au kajenga nyumba kabla ya aliyeiamuru kushika madaraka. La pili ni kosa la watu: tarehe zote sawasawa, nguo sawasawa, chakula sawasawa, lakini aliyevaa nguo na kula chakula hicho ni mtu wa leo aliyetiwa ndani ya kitabu kama mtoto aliyevishwa joho la babu yake. Katika miaka niliyosomesha fasihi kwenye chuo cha ualimu, niliona wanachuo wakilikamata kosa la kwanza upesi, na kulifurahia, na la pili likiwapita bila ya kulisalimia. Nataka kueleza hapa kwa nini la pili ndilo kubwa, na mifano yangu mingi nitaichukua katika kisiwa chetu, ambacho waandishi wa mbali na wa karibu wamekipenda sana kwa kazi hii.

Tuanze na vitu, kwani navyo vina haki yao. Mtu akiandika kwamba mwaka 1859 wapenzi wawili walikutana usiku katika bustani ya Forodhani, chini ya taa, msomaji wa Unguja atacheka. Bustani ile ilitengenezwa katika miaka ya 1930. Zama za Sayyid Majid pahala pale palikuwa pa forodha kweli, pa mizigo na wachukuzi. Akiwapitisha mbele ya Beit el Ajaib, atakuwa ameitangulia nyumba kwa miaka 24, maana ilijengwa mwaka 1883. Akimfunga msichana wake kanga yenye maneno ya mafumbo, ajue kwamba kanga ilienea mwishoni mwa karne ya 19, na maneno yalikuja baadaye. Akimfunika buibui jeusi, naye bibi ni wa jamaa ya mfalme, amwondoe ampe shela na barakoa. Na akimtajirisha mwenye mikarafuu wa Unguja mwaka 1873, asisahau kimbunga cha mwaka 1872 kilichoilaza mikarafuu mingi ya kisiwa hiki na kuipa Pemba ukubwa katika zao hilo.

Makosa haya yanaudhi, lakini dawa yake ni nyepesi. Siku chache za kukaa Nyaraka za Taifa pale Kilimani zinatosha, au mzee mmoja mwenye subira na mwandishi mmoja mwenye masikio.

Kuna kundi la kati, ambalo ni nusu kitu na nusu tabia, na hapo ndipo kazi inapoanza kuwa nzito. Mjane hawezi kuposwa na kuolewa mwezi mmoja baada ya msiba, kwa sababu kuna eda ya miezi minne na siku kumi. Mwanamwali hajiozi mwenyewe, ana walii wake, na walii anaangalia kufu. Barua ya mapenzi inataka mtu anayejua kuandika, mtu wa kuipeleka, na mtu wa kuisoma. Katika Mji Mkongwe wa karne ya 19 wanawake wengi hawakufundishwa kuandika, kwa hiyo barua ilikuwa siri ya watu watatu au wanne kabla haijafika. Na wapenzi wenyewe wataonana wapi? Mji ule ulijengwa ili wanawake wa nyumba kubwa wasionekane. Walitoka usiku, na taa, na watu wa kuwafuata. Baina ya nyumba na nyumba palikuwa na wikio, daraja la juu, ili bibi apite kwa jirani yake bila ya mguu wake kugusa njia. Lakini mji huohuo, kwa vile nyumba zake zimebanana, uliacha mlango mmoja wazi: paa. Mtu akisimama juu ya paa humwona aliye juu ya paa la pili. Mwandishi anayeujua mji huu hahitaji kubuni bustani. Mji wenyewe utamwonyesha wapenzi wake wasimame wapi, na ni nani atakayewaona.

Waingereza wana aina nzima ya riwaya za namna hii, zinazosimulia miaka ya 1811 hadi 1820, pale mwana wa mfalme alipotawala kwa niaba ya baba yake aliyeharibikiwa na akili. Kwetu huku, katika miaka hiyohiyo, Sayyid Said bin Sultan alikuwa keshashika utawala wa Oman na Unguja. Jane Austen aliziishi zama zile, na vitabu vyake vilianza kutoka mwaka 1811. Georgette Heyer alizaliwa mwaka 1902, na alizisimulia kwa mbali, kwa kusoma sana na kukusanya maelezo ya nguo, magari ya farasi, bei za vitu na misemo. Ukiwasoma pamoja utaona jambo. Austen haelezi sana nguo, kwa sababu wasomaji wake walizivaa. Anachokieleza bila ya kuchoka ni pesa: nani ana pato la kiasi gani kwa mwaka, nyumba itarithiwa na nani, binti asiye na mali atakwenda wapi baba yake akifa. Heyer anazieleza nguo kwa ustadi, kwa sababu wasomaji wake hawazijui. Wako waliomfuata Heyer, wengi mno, ambao wamechukua nguo wakaziacha hesabu. Katika vitabu vyao binti hukataa ndoa, hutoroka, hulala nje, akarudi, na hapana mlango unaofungwa mbele yake. Farasi ni wa mwaka 1815, na binti ni wa jana.

Hapo ndipo ninapoona kipimo. Mtu wa riwaya ya zamani huaminika pale uamuzi wake unapomgharimu kile ambacho ungemgharimu katika zama zake. Anaweza kuwa shujaa, anaweza kuwa na mawazo yaliyowatangulia wenziwe, kwani watu wa namna hiyo walikuwapo kila zama. Lakini alipe. Na bei isiwe ya leo. Iwe ya soko la siku zile.

Nikijaribu kipimo hiki, kitabu kinachonijia kwanza ni Trade Wind, riwaya ya M. M. Kaye iliyotoka mwaka 1963. Mwandishi huyu alipata kukaa Unguja katika miaka ya 1950, na inaonekana: bahari yake ni bahari yetu, na msimu wake wa pepo ni msimu wetu. Mambo yanatokea mwaka 1859. Hero Hollis, binti wa Boston, anakuja Unguja kwa ami yake, balozi mdogo wa Marekani, akiwa na nia ya kuupiga vita utumwa. Njiani anaangukia baharini na kuokolewa na nahodha wa Kiingereza, Rory Frost, ambaye anafanya biashara ya watumwa. Akishafika anaingizwa katika njama za mabinti wa mfalme waliotaka kumweka Barghash pahala pa nduguye Majid.

Sasa, nimewasikia wasomaji, hata wa kwetu, wakisema kwamba sehemu isiyoaminika ni ile ya njama: mtoto wa mfalme amezungukwa na askari, akavishwa nguo za kike na kupenyezwa na dada zake gizani mpaka nje ya mji! Ati hiyo ni hadithi ya kuchekesha watoto. Kumbe hiyo ndiyo ya kweli. Mwaka 1859 Barghash alizingirwa ndani ya nyumba yake, na dada zake, Khole na Salme, walikwenda wakamtoa akiwa amejifunika kama mwanamke. Alikimbilia shamba la Marseilles, pakapiganwa, Waingereza wakamsaidia Majid, na Barghash akapelekwa Bombay. Salme, ambaye alikuwa na miaka 15 tu na aliyejifundisha mwenyewe kuandika kwa kunakili herufi za Msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia, ndiye aliyekuwa mwandishi wa barua za waasi.

Kisichoaminika katika Trade Wind ni kingine, na ajabu wasomaji wengi walikipokea bila ya neno. Frost anamteka Hero na kumwingilia kwa nguvu, na kabla kitabu hakijakwisha, Hero anampenda. Nafahamu kwamba riwaya za mapenzi za miaka ile ziliruhusu jambo hili, na kwamba mwandishi amelitafutia sababu zake. Lakini mwanamke aliyevuka bahari kwa sababu ya kuchukia watu kushikwa na kuuzwa, anaposhikwa yeye, mwandishi alikuwa na deni la kutuonyesha mwanamke huyo anafikiri nini juu ya waliouzwa. Angalau usiku mmoja! Badala yake, utumwa wa wengine unabaki kuwa mandhari, kama minazi. Tarehe za Kaye ni nzuri, nyumba zake ni nzuri, na katikati ya uzuri huo wote pana moyo uliotengenezwa kwa haja ya hadithi.

Haya yananipeleka kwa Salme mwenyewe, kwani maisha yake ndiyo riwaya ambayo kila mwandishi wa mapenzi angetaka kuwa ameitunga. Leo wageni wanaotembezwa katika Mji Mkongwe huonyeshwa alipokaa na kusimuliwa kisa chake kwa dakika tano: binti wa mfalme, kijana wa Kijerumani, paa kwa paa, jahazi, uhuru, harusi. Kisa kitamu, na kila jambo ndani yake lina asili. Alizaliwa Mtoni mwaka 1844. Alijuana na Heinrich Ruete, mfanyabiashara wa Hamburg, nyumba zao zikiwa jirani. Usiku mmoja wa Agosti 1866 alipanda manowari ya Kiingereza Highflyer na kushuka Aden. Mei 1867 alibatizwa kwa jina la Emily na kuolewa siku hiyohiyo. Msimuliaji wa dakika tano huishia hapa, na aina hii ya riwaya nayo huishia hapa.

Lakini bei ilikuwa bado haijaanza kulipwa. Alipotoroka alikuwa mjamzito, na hilo katika mji wake lilikuwa hatari ya roho. Mtoto yule alizaliwa Aden na hakuishi. Mume wake alikufa Hamburg mwaka 1870 baada ya kugongwa na tramu, na akamwacha na watoto watatu katika nchi ya baridi, lugha ya kujifunza, na sheria zisizomwamini mwanamke na fedha zake. Mwaka huohuo Majid alifariki, na aliyetawala ni Barghash: yuleyule ambaye Salme alimwandikia barua akiwa msichana, na ambaye alimvunjikia kwa sababu baada ya uasi Salme alipatana na Majid. Mwaka 1885 alirudi Unguja na manowari za Kijerumani, akakaa bandarini, na kaka yake hakumpokea. Akaja tena mwaka 1888, na hakupata alichokidai. Alifariki Jena mwaka 1924. Deni la mwaka 1859 na deni la mwaka 1866 aliyalipa maisha yake yote, kwa mkupuo na kwa awamu.

Ndipo utakapoona kwa nini kumbukumbu zake, zilizochapwa kwa Kijerumani mwaka 1886, zinaaminika hata pale zinaponyamaza. Mapenzi yake na Heinrich ameyapitisha kwa maneno machache sana, mimba hakuitaja. Msomaji wa leo, aliyezoea kuambiwa kila kitu, hukasirika. Mimi huona kunyamaza kule ndiko kunakomthibitisha. Mwanamke aliyelelewa Mtoni, anayeandika mbele ya macho ya Wajerumani huku akitumaini kwamba Unguja nayo itasikia, angefungua mlango gani? Mtunzi wa riwaya anayetaka kumsimulia asimfanye mtu wa kusema yote. Amwache anyamaze pale alipokuwa na sababu ya kunyamaza, na sisi tuisikie sababu hiyo.

Nimefika penye jambo zito zaidi, ambalo waandishi wa kwetu hawana ruhusa ya kulizunguka. Ni suria. Majid, Barghash, Khole na Salme wote walizaliwa na masuria. Mama yake Salme alikuwa Mcherkasi aliyeletwa akiwa mtoto mdogo, baada ya wazee wake kuuawa vitani. Katika riwaya za wageni suria ni kito cha kupamba chumba: mito ya hariri, udi, wivu. Katika riwaya zetu nyingi hayupo kabisa, kwani tunaona aibu, na aibu hiyo kwa baadhi yetu ni ya ukoo. Wote wawili wanamwibia nafsi yake. Sheria ilimpa suria aliyezaa daraja maalumu: haruhusiwi kuuzwa, mtoto wake ni huru na anarithi, na bwana akifa naye anakuwa huru. Kwa hiyo alikuwa na kitu cha kutumainia, cha kuogopa kukipoteza, na cha kupangia mipango. Pamoja na hayo, hakuulizwa. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na hali ya utumwa ikafutwa kisheria mwaka 1897, lakini amri ile ya 1897 iliwaacha masuria nje; walisubiri mpaka mwaka 1909.

Je, inawezekana kuandika riwaya ya mapenzi yenye suria ndani yake, ikaaminika? Naona inawezekana, kwa sharti moja. Mwandishi ajiulize katika kila ukurasa: hapa angeweza kukataa? Kama hangeweza, basi asiliite jambo hilo mapenzi kwa sababu tu ana haja ya sura tamu. Anaweza kuandika mazoea, huruma, hila, fahari ya kuwa mama wa mtoto wa bwana, urafiki na masuria wenziwe, hata kumlilia bwana kwa machozi ya kweli siku ya msiba. Binadamu ana nafasi ya hayo yote. Lakini mtunzi akiyachanganya yote na kuyapa jina moja, wajukuu wa bibi huyo watakaosoma watafundishwa kwamba kununuliwa ni njia mojawapo ya kuposwa.

Wanachuo wangu walikuwa na jibu kwa haya, na wakilisema kwa haki: riwaya ya mapenzi ni burudani, mwalimu, mbona unaitia korokoroni? Jibu langu ni kwamba wengi hawaingii Nyaraka za Taifa maisha yao yote. Msichana wa Jang'ombe au Makunduchi anajua habari za bibi wa bibi yake kwa hadithi, na leo kwa filamu pia. Picha atakayopewa hapo ndiyo atakayoishi nayo, na baadaye atawapa wanawe. Burudani yenye nguvu kiasi hicho inastahiki kuulizwa maswali.

Na kwamba burudani na ukweli vinakaa nyumba moja, tunao ushahidi hapa hapa. Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, iliyotoka mwaka 1999 na kufanywa filamu mwaka 2021, ni riwaya ya mapenzi, hapana asiyeisoma kwa moyo kumdunda. Yasmin ni binti wa Kihindi aliyeozwa akiwa mdogo kwa Raza, mwanamume anayeweza kuwa baba yake. Anatoroka. Kuanzia hapo Shafi anamlipisha hatua kwa hatua: jamaa zake wanamfungia mlango, naye anakwenda kukaa Ng'ambo kwa Mwajuma, katika nyumba na maisha ambayo watu wake walimfundisha kuyadharau. Denge anayempenda ni mtu wa siasa, anayewindwa na polisi wa mkoloni, na mapenzi yao hayapati hata siku moja ya kukaa raha mustarehe. Mwandishi alizaliwa mwaka 1940. Miaka ya 1950 aliiona kwa macho ya kijana. Kwa hiyo, kama Austen, hapotezi muda kutueleza taa na viatu. Anatuonyesha nani anaweza kupita mtaa gani, na atasemwa nini akipita.

Ningetia dosari moja. Denge mara nyingine huzungumza kama karatasi ya siasa, na msomaji humtamani Mwajuma arudi ukumbini, kwani Mwajuma hazungumzi hata neno moja ambalo halikutoka kinywani mwake. Lakini dosari hii ni ndogo, na inafundisha: mtu mwenye fikra kubwa ndiye aliye hatarini zaidi kugeuzwa kipaza sauti cha mtunzi.

Sasa wapo vijana wanaoandika, wengine kwa simu, sura moja leo na sura moja kesho, na nimefurahi kuona baadhi yao wanarudi nyuma kutafuta visa vya zama za Barghash, za Siti binti Saad, za bandarini mwaka 1948. Waende. Mambo ya vitu wasiyaogope, watasahihishwa. Wakishamtengeneza mpenzi wao wa zamani, wampeleke mbele ya watu wanne wa mtaa wake wa siku zile: walii wake, jirani wa dirisha la pili, mtu anayemdai, na mtumwa au mtumishi anayembebea taa. Wamwulize kila mmoja kajua nini, na atafanya nini asubuhi. Huyo wa mwisho wamwulize kwa utulivu zaidi, kwa sababu vitabu vingi vimempitisha mlangoni na taa yake bila ya kumtaja jina.